Namba ya mzani wa mwenzio usiikopi: kukalibreti lodi seli kwa magunia ya viazi

Wadau habari za saa hizi. Tangu nianze kuweka picha za mizani ninayotengeneza hapa Mbeya, meseji ninayoipata kuliko zote ni hii: "Kaka naomba nitumie ile namba ya kalibresheni niiweke kwenye mzani wangu." Kalibresheni ni kuufundisha mzani namba ipi ni kilo ngapi. Huwa najibu siwezi, na kuna wanaoona kama nawabania, ila ukweli hata nikikutumia haitakusaidia kitu. Ile namba si ya lodi seli (kile chuma kinachobeba mzigo na kutoa umeme kidogo kulingana na uzito) peke yake wala si ya bodi ya kuisomea peke yake, ni ya mzani mzima ukishafungwa nati zote na kusimama pale utakapofanyia kazi. Leo nimekaa niandike kila ninachokijua kuhusu hii kitu ili mtu akiuliza tena nimpe hii aisome. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Huku kwetu, kuanzia milima ya Uporoto mpaka Makete na Njombe, viazi mviringo ndo ada ya shule na ndo bati la nyumba, na viazi vinauzwa kwa gunia. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, ila lumbesa mnaijua wenyewe, gunia linajazwa mpaka mdomoni afu linaongezewa kichwa kinafumwa kwa kamba, na bei inabaki ileile ya gunia moja. Mkulima akisema jamani hili limezidi sana, anaulizwa umepima wapi, na hapo maneno yanakwisha kwa sababu hana mzani. Mama mmoja wa kule Uporoto aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kugombana na mtu, nataka tu nijue nimetoa kilo ngapi shambani kwangu." Basi ukimtengenezea mama kama yule mzani unaodanganya, hata kama ni nusu kilo tu, umemuumiza yuleyule uliyesema unamsaidia. Ndo maana kwenye kalibresheni sikubali haraka haraka.

Haya, tuingie kazini. Mzani ninaoutumia kwa magunia ni wa kuning'iniza, lodi seli ya umbo la S ya kilo 200, bodi ya HX711 (inayokuza umeme wa seli na kuugeuza namba) na Arduino (kompyuta ndogo inayopiga hesabu), betri, na skrini ndogo. Ndani ya ile S kuna geji nne (vipande vyembamba ambavyo ukinzani wake wa umeme unabadilika vikivutwa au kubanwa) zimegundishwa kwenye chuma, na zimeungwa kwa mpangilio unaoitwa daraja la Wheatstone (aliyebuni ni Samuel Hunter Christie mwaka 1833, Charles Wheatstone akaja kulifanya lijulikane 1843, jina likabaki kwake). Ukining'iniza gunia chuma kinavutika kidogo sana, jicho haliwezi kuona, geji mbili ukinzani wake unapanda na mbili unashuka, daraja linakosa usawa na voltiji ndogo inatokea kwenye waya mbili za kutolea. Kwamba waya ukivutwa ukinzani wake unabadilika si habari mpya, William Thomson yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin aliionyesha 1856, ila geji za kugundisha kama hizi tunazotumia zilikuja 1938 kwa Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake huko Marekani.

Sasa hiyo voltiji ni ndogo kiasi gani, hapa naomba usipite haraka. Kwenye karatasi ya seli yangu imeandikwa 2 mV/V. Maana yake kila volti moja unayoilisha seli, ikibeba mzigo wake wote wa kilo 200 inakurudishia milivolti 2. Ukiilisha volti 5 unapata milivolti 10 kwa kilo 200 nzima. Gawanya uone gramu moja inapata nini: volti 0.00000005. Ukishaiona hiyo namba utaelewa kwa nini waya uliochomewa vibaya kwa risasi, au unyevu kwenye bodi, au waya mrefu uliopita karibu na chaja ya simu unaweza kukuletea gramu 200 za uongo. Mi waya za seli nazichomea kwa risasi kabisa, pini za kuchomeka kwenye mzani sizitaki.

Kuhusu waya, rangi zisikudanganye. Mara nyingi nyekundu na nyeusi ni za kulisha, kijani na nyeupe za kutolea, lakini si kila kiwanda kinafuata hivyo. Chukua mita upime ukinzani kati ya kila waya na mwenzake. Kwa seli ya omu 350, jozi mbili zitasoma kubwa, yani karibu 350 kwa jozi ya kutolea na 350 mpaka 400 na kitu kwa jozi ya kulisha, na mchanganyiko mwingine wote utasoma chini ya hapo. Hizo jozi mbili kubwa ndo jozi zako. Kama baadae ukipakia mzigo namba inashuka badala ya kupanda, geuza zile mbili za kutolea basi, hamna kilichoharibika.

HX711 yenyewe inakupa namba ya biti 24, kuanzia hasi 8,388,608 mpaka 8,388,607, na ukiiweka kwenye gaini ya 128, yani inakuza voltiji mara 128, inaweza kupokea milivolti 20 hivi kila upande ikiwa na volti 5. Kitu kizuri ambacho wengi hawakijui ni kwamba kwenye bodi hizi voltiji inayoilisha seli ndo hiyohiyo inayotumika kulinganishia, kwaiyo betri ikishuka kidogo vyote vinashuka pamoja na namba inabaki palepale. Na kwa sababu hiyo unaweza kupiga hesabu ya kigawanyo chako (ndo ile namba ya kalibresheni) kabla hujaning'iniza hata kiazi kimoja. Seli ya 2 mV/V kwenye gaini 128 inatumia asilimia 51.2 ya upana wote, yani 8,388,608 mara 0.512, ni kama 4,295,000 kwa kilo 200. Gawa kwa 200 unapata 21,475 kwa kila kilo.

Iandike hiyo namba pembeni. Si namba utakayoitumia, ni namba ya kukuambia kama uko sawa. Ukikalibreti ukapata 21,300 au 21,600 shukuru, seli yako iko salama na ile tofauti ni ya kawaida ya kiwandani. Ukipata 10,700 ujue seli ni ya 1 mV/V au bodi iko kwenye gaini 64. Ukipata 19,000 usiikubali kabisa, kuna kitu kinabeba sehemu ya mzigo wako pembeni, labda mnyororo umegusa fremu, au nati imekaza mahali ambapo haikutakiwa kugusa. Watu wanakalibreti juu ya tatizo kama hilo, mzani unasoma vizuri siku hiyo, kesho yake mnyororo umesogea kidogo na kila kitu kimeharibika afu wanalaumu seli ya Kichina.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Uzito ni namba ghafi (ile inayotoka HX711 yenyewe), toa namba ya sifuri, gawa kwa kigawanyo. Basi. Namba ya sifuri ni ile unayosoma mzani ukiwa mtupu, na kigawanyo ni namba ngapi zinaongezeka kwa kila kilo. Ugumu wote uko kwenye kukipata hicho kigawanyo kwa ukweli, na hapo ndo naona vijana wengi wanaharakisha.

Kosa ninaloliona sana ni pakti ya sukari ya kilo moja. Mtu anajenga mzani wa kilo 150 au 200 afu anaukalibreti na sukari ya dukani kwa sababu ndo iliyopo. Fikiria hivi. Namba ghafi haitulii, inacheza cheza, tuseme mia moja juu na mia moja chini, hiyo kwenye seli yangu ni kama gramu 5. Gramu 5 kwenye kilo moja ni nusu asilimia. Ukigawia kigawanyo hicho kwenye gunia la kilo 100 umeshakosea gramu 500, na bado sijagusa kwamba sukari yenyewe imepimwa na mzani wa mtu mwingine. Lori la magunia 100 ni kilo 50 hizo, nusu gunia limepotea au limezuka na hakuna aliyeiba. Ndo maana nasema mzigo wa kukalibretia uwe karibu na mzigo utakaopima, au walau nusu yake. Kosa lilelile la gramu 5 ukilifanya kwenye kilo 100 linabaki gramu 5.

"Sasa kaka kilo 100 za uhakika nazitoa wapi?" Swali zuri. Mfuko wa simenti haufai, wala wa mbolea, umeandikwa kilo 50 lakini unaweza kupungua au kuzidi na unyevu nao unaingia. Maji yanasaidia kwa mizani midogo, lita moja ni karibu kilo moja kasoro gramu chache, ila ile mistari kwenye ndoo ya lita 20 haikuwekwa kwa ajili ya vipimo. Kinachofaa ni mawe ya mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Jiwe la kilo 20 la daraja la usahihi la M1 linaruhusiwa kukosea gramu 1 tu, hata la M2 ni gramu 3, kwa kazi yetu hiyo ni dhahabu. Ongea vizuri na mwenye duka la nafaka, pale Mwanjelwa au popote ulipo, mwambie unataka uyatumie nusu siku na yeye akae hapohapo aangalie. Watu wa sokoni ukiwaeleza unafanya nini wanakuelewa, na wengi wanataka na wao kuona.

Nami hupata mawe mawili ya kilo 20, basi. Kilo 40 tu. Kutoka hapo mpaka 120 napanda kwa mchanga, na hii njia ndo naipenda kuliko zote, hata mizani mikubwa ya magari huwa inahakikiwa kwa mtindo wa namna hii pale mawe yanapokuwa pungufu. Unafanya hivi. Mzani mtupu, acha utulie, soma. Wa kwangu wa juzi ulisoma 84,210. Ning'iniza mawe yote mawili, 936,690. Shusha mawe, weka kiroba na uanze kumwaga mchanga mkavu polepole, mwishoni unamwaga kwa kiganja, mpaka namba ghafi irudi 936,690 ileile. Hapo hujui mzani wako unasema kilo ngapi na wala huhitaji kujua, unajua tu kwamba mchanga ule unavuta sawasawa na mawe, kwaiyo ni kilo 40. Funga kiroba. Sasa rudisha mawe juu ya mchanga: kilo 80, nikasoma 1,789,120. Shusha mawe tena, ongeza mchanga kwenye kiroba cha pili mpaka ifike 1,789,120, rudisha mawe: kilo 120, nikasoma 2,641,480.

Sasa angalia zile hatua. Kutoka 0 mpaka 40 zimeongezeka 852,480. Kutoka 40 mpaka 80 ni 852,430. Kutoka 80 mpaka 120 ni 852,360. Zinapungua kidogo kidogo lakini tofauti ya hatua ya kwanza na ya mwisho ni 120 tu, yani chini ya gramu 6 katika kilo 40. Huo mstari umenyooka. Nachukua jumla yote, 2,557,270, nagawa kwa 120, napata 21,310.6 kwa kilo. Linganisha na ile 21,475 ya kwenye karatasi, tofauti haifiki asilimia moja, safi. Kama hatua zako zinapishana kwa elfu mbili tatu, usitafute wastani, tafuta kinachokwaruza.

Mchanga uwe mkavu kweli na kiroba kifungwe, maana mchanga wenye unyevu ukikaa juani unapungua uzito huku bado unapima. Na ukishafika juu teremka pia, 120, 80, 40, mpaka sifuri, uone kama namba zinarudi zilezile. Zikipanda vizuri lakini kushuka zinabaki juu, mara nyingi ni msuguano wa ndoano au pini iliyopinda. Kisha acha mzigo mzito uning'inie wakati unakunywa chai, ukirudi uone imesogea kiasi gani, seli nzuri itasogea gramu chache tu.

Nije kwenye hili la namba za watu. Kuna kitu kingine kinachofanya kigawanyo cha mbali kisikufae, na hiki wengi hawaamini mpaka wapige hesabu. Lodi seli haipimi kilo, inapima nguvu, yani jinsi dunia inavyolivuta gunia. Na dunia haivuti sawa kila mahali. Ulaya mvuto ni karibu 9.81 (mita kwa sekunde mraba), ila hapa Mbeya tuko karibu na ikweta na tuko mwinuko wa kama mita 1,700, ni karibu 9.78. Tofauti ni kama asilimia 0.3. Mzani uliokalibretiwa London ukiletwa hapa bila kuguswa, gunia la kilo 100 litasoma kama 99.7. Gramu 300 zimemtoka mkulima kwa sababu tu ya kupanda ndege. Kati ya Dar na Mbeya tofauti ni ndogo sana, haizidi gramu 50 kwenye kilo 100, hiyo kwa viazi unaweza kuiacha, ila kama unapima kitu cha thamani usiiache. Ukikalibreti hapahapa na mawe, jambo lote hili linajifuta lenyewe, maana jiwe nalo linavutwa na dunia ileile inayovuta viazi.

Kuna na baridi. Mnaokaa huku mnaijua Juni na Julai, asubuhi chuma kina baridi hata kukishika hutaki, saa saba mchana jua linawaka juu ya fremu. Namba ya sifuri itahama, hilo haliepukiki. Kigawanyo nacho kinahama ila kidogo mno. Kwaiyo hivi vitu viwili vitenganishe kabisa kwenye programu yako. Sifuri iwe na kitufe chake nje, kikubwa, mtu anakibonyeza mzani ukiwa mtupu kabla ya kila gunia. Kigawanyo kiwe ndani ya boksi, kimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na boksi limefungwa kwa skrubu ambazo hazifunguliwi kwa shilingi. Nimeona mizani mtu akibonyeza kitufe kimoja kwa muda mrefu inaingia kwenye kalibresheni palepale sokoni mbele ya watu. Hapana. Mkulima na mnunuzi wote wawili wanatakiwa wawe na uhakika kwamba hakuna aliyeigusa hiyo namba tangu asubuhi. Na uuwashe mapema kidogo kabla ya kazi, seli na bodi vipate joto vitulie.

Upande wa programu kuna jambo moja lazima niliseme kwa kirefu maana linahusu lumbesa moja kwa moja. Kijana mmoja wa Mbalizi aliniletea mzani wake, kazi safi sana, amelehemu fremu vizuri, akasema "Bro unasoma vizuri kabisa ila magunia mengine yanatoa uzito hasi." Yapi? Yale makubwa. Tukaning'iniza kilo 60, sawa, 100, sawa, tukaongeza kilo moja, skrini ikaandika hasi 99.7. Nikamwomba anionyeshe programu. Alikuwa anachukua namba ghafi baada ya kutoa sifuri, anazidisha kwa 1000 ili apate gramu, afu ndo anagawa kwa kigawanyo chake cha 21,400, vyote kwenye namba nzima za biti 32. Sasa biti 32 mwisho wake ni 2,147,483,647. Kilo 100 mara 21,400 mara 1000 ni 2,140,000,000, imepenya kwa upenyo wa sindano. Kilo 101 ni 2,161,400,000, imevuka ukingo, inazunguka na kutokea upande wa hasi. Yani mzani ule ulikuwa unafanya kazi kwa kila gunia halali na kuharibika palepale lumbesa inapoanza, kwenye gunia ambalo ndo hasa lilitakiwa kupimwa. Dawa yake ni nyepesi, tumia namba za desimali, gawa kwa 21.4 moja kwa moja upate gramu, na kwenye Arduino Uno namba za aina hiyo zinabeba tarakimu kama saba hivi, zinatosha kabisa. Na usiweke namba ghafi kwenye kisanduku cha biti 16, hicho mwisho wake ni 32,767, kilo moja na nusu tu kimejaa. Pia kama unaisoma HX711 mwenyewe bila maktaba (programu iliyokwisha kuandikwa na wengine), ile biti ya juu kabisa ndo alama ya hasi, ikiwa 1 ujaze na biti zote za juu yake kwa 1, la sivyo sifuri ikihama kidogo upande wa chini utaona mamilioni.

Kutuliza namba: gunia likining'inizwa linabembea, na HX711 inasoma mara 10 kwa sekunde (kuna pini ya kuipeleka 80, ila kelele inaongezeka, siitumii). Mi nachukua masomo kumi, natupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, nachukua wastani wa yaliyobaki, na kama wastani haujasogea kwa zaidi ya gramu 50 kwa sekunde mbili naifunga namba kwenye skrini na taa ya kijani inawaka. Watu wanaiamini taa ile kuliko namba inayocheza. Na usionyeshe gramu moja moja eti kwa sababu bodi ni ya biti 24, biti za chini kabisa ni kelele tupu. Mizani mingi ya kawaida ya biashara inagawanywa sehemu 3,000 hivi, ukichukua kilo 150 ukagawa kwa 3,000 unapata gramu 50, basi onyesha kwa hatua za gramu 50 na uwe na amani.

Kwa nini seli ya 200 wakati gunia ni 100? Kwa sababu gunia haliwekwi kwa upole. Vijana wa kupakia wanalitupia kwenye ndoano, kamba inakaza ghafla, kwa nukta moja seli inaona karibu mara mbili ya uzito wenyewe. Seli ikishavutwa kupita kiasi chuma hakirudi, sifuri inahama moja kwa moja, na ukiona sifuri yako imeruka mbali na ile ya siku ya kwanza ujue kuna siku walikutupia. Kwaiyo ile namba ya sifuri ya siku ya kwanza iandike, usiiache ipotee ndani ya programu.

Na jamani mzani wowote unaotumika kuuzia na kununulia lazima uhakikiwe na Wakala wa Vipimo na upigwe muhuri, sheria iko wazi. Huu wa kujitengenezea mwenyewe ni wa mkulima kujua mali yake kabla dalali hajafika, usiende kuuweka sokoni ukapimia watu. Ofisi zao ziko mikoani, nendeni mkaulize, mi walinielekeza vizuri tu kuhusu mawe.

Mwisho wa kazi nachukua maka peni, ndani ya kifuniko cha boksi naandika kigawanyo, namba ya sifuri, tarehe, mahali, na mzigo niliokalibretia. Yule mama wa Uporoto nilimwachia na kiroba kimoja cha mchanga kilichofungwa na kuandikwa uzito wake, kila akianza msimu anakining'iniza kwanza, ikitoka zaidi ya gramu 100 tofauti ananipigia. Mizani ya chini yenye seli nne, ile ya kusimamishia gunia, sijaigusa hapa kwa sababu kule kuna kazi ya kusawazisha pembe kabla hata ya kufika kwenye kigawanyo, nikishamaliza ule ninaoujenga saivi nitaandika na namba zake zote.